Daftari la fomula 41: uchambuzi wa kisa cha kujifunza nadharia ya namba kwa ajili ya mashindano

Jibu sahihi lilikuwa 10077696. Programu ya mwanafunzi wangu ilitoa 60466176, yaani mara sita kamili ya jibu. Namba iliyoulizwa ni 36, na kazi ilikuwa kutafuta zao la vigawo vyake vyote. Namba ndogo hivi mtu angeweza kuimaliza kwa kalamu.

Mwanafunzi ninayemzungumzia alikuwa ameshiriki mashindano ya kuandika programu kwa mwaka na nusu hivi. Miti na grafu hazikumsumbua, kupanga na kutafuta alivifanya bila kufikiri sana. Swali likigusa vigawo, namba tasa au mabaki, alishindwa. Hakuwa mvivu. Aliniletea daftari lenye fomula 41 za nadharia ya namba, zimeandikwa kwa mwandiko safi na kila moja imezungushiwa kisanduku. Nilimwuliza fomula tano bila mpangilio, akazitaja zote sawasawa. Kumbukumbu yake ilikuwa nzima, basi tatizo lilikuwa mahali pengine, na ilinichukua wiki kadhaa kulitambua.

Swali lililotufumbua macho limo katika CSES, mkusanyiko wa mtandaoni wa maswali ya kuandika programu. Unapewa namba N, ila hupewi tarakimu zake. Unapewa vigawo tasa vyake: hadi namba tasa 100,000 tofauti, kila moja isiyozidi 10^6, na kila moja na kipeo chake kisichozidi 10^9. Utoe mambo matatu: idadi ya vigawo vya N, jumla yao na zao lao, yote kwa baki la 10^9+7, yaani kinachosalia ukigawanya kwa namba hiyo, ambayo huitwa moduli.

Idadi aliipata. Jumla aliipata. Zao likakataliwa.

Fomula aliyotumia ni halali. Kila kigawo cha N kina mwenzake, na wawili hao wakizidishwa hutoa N. Kwa hiyo ikiwa idadi ya vigawo ni d, zao la vyote ni N kwa kipeo cha d/2. Kwa 12 kuna vigawo 6, na 12 kwa kipeo cha 3 ni 1728. Zidisha 1, 2, 3, 4, 6 na 12 utaona ndivyo. Mfano huo aliupima, akapima na mingine michache ya aina hiyo, yote ikakubali.

Sasa tazama alivyoandika msimbo. Alipiga hesabu ya d kwa baki la 10^9+7. Kisha, kwa kuwa anajua kwamba katika ulimwengu wa mabaki hatugawanyi bali tunazidisha kwa kinyume (namba ambayo ikizidishwa na ile ya kugawanyia hubaki 1), akaizidisha d kwa kinyume cha 2, ambacho ni 500000004. Matokeo akayafanya kipeo. Ni mstari mmoja tu, na ndani yake mna makosa matatu yaliyopandana.

Tuanze na 36. Vigawo vyake ni 9, na 9 ni witiri. Nusu ya 9 si namba kamili, lakini kuzidisha kwa kinyume hakulalamiki kamwe: 9 mara 500000004, ukitoa baki kwa 10^9+7, ni 500000008. Programu ikapandisha 36 kwa kipeo hicho. Kwa kuwa 36 ni 6 mara 6, hiyo ni sawa na 6 kwa kipeo cha 1000000016. Theoremu ndogo ya Fermat inasema 6 kwa kipeo cha 1000000006 hubaki 1, kwa hiyo kinachosalia ni 6 kwa kipeo cha 10. Jibu la kweli ni 6 kwa kipeo cha 9. Ndiyo sababu kosa lilikuwa mara sita kamili, na nilipomwonyesha hesabu hiyo alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, kumbe kosa lenyewe lina mantiki."

Lina mantiki kabisa. Idadi ya vigawo huwa witiri pale tu N inapokuwa mraba kamili, na mifano yake yote ya majaribio haikuwa na mraba hata mmoja. Kama angeijaribu 4 tu, angepata 16 badala ya 8.

Kosa la pili lingejitokeza hata bila miraba. Kipeo hakipunguzwi kwa moduli ileile ya msingi. Chukua 3 kwa kipeo cha 8, baki la 7. Mabaki ya vipeo vya 3 hujirudia kila baada ya hatua 6, hivyo kipeo 8 ni sawa na kipeo 2, na jibu ni 2. Ukikosea ukapunguza 8 kwa 7, unapata kipeo 1 na jibu 3. Moduli ikiwa namba tasa p, namba iliyo juu huishi katika ulimwengu wa p-1, ile ya chini katika ulimwengu wa p. Alikuwa na theoremu ya Fermat kwenye ukurasa wa pili wa daftari, imezungushiwa kisanduku, na alikuwa akiitumia kila siku kutafuta vinyume. Hakuwahi kuiona kama habari ya vipeo.

Kosa la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana linamngoja mtu anayejitahidi. Ukishajua kwamba kipeo hupunguzwa kwa 10^9+6, unakwenda kutafuta kinyume cha 2 katika moduli hiyo. Hakipo. 10^9+6 ni shufwa, inashiriki kigawo 2 na hiyo 2 unayotaka kugawanyia, na kinyume hupatikana tu pale namba mbili zisiposhiriki kigawo chochote zaidi ya 1. Kwa hiyo nusu lazima ikatwe mapema, kabla ya kuchukua baki lolote. Tafuta kipeo kimoja k ambacho k+1 ni shufwa, uigawe hiyo k+1 kwa 2, ndipo uendelee kuzidisha kwa baki la 10^9+6. Kama hakipo, basi vipeo vyote ni shufwa na N ni mraba kamili, hivyo igawe k ya kila namba tasa kwa 2 upate kipeuo cha pili cha N, kisha ukipandishe kwa kipeo cha d nzima.

Mimi napendelea njia ya kujenga zao kidogokidogo, isiyogusa nusu ya d kabisa. Ukiwa na zao Z na idadi d za namba tasa ulizokwisha kuzipitia, ukaongeza p yenye kipeo k, zao jipya ni Z kwa kipeo cha k+1, mara p kwa kipeo cha d·k(k+1)/2. Nusu imebaki, lakini sasa ni nusu ya k(k+1), zao ambalo siku zote ni shufwa, na nusu yake haizidi kiasi cha 5·10^17, ikitosha bila shida katika biti 64. Jaribu kwa 12: baada ya 2 yenye kipeo 2, zao ni 8 na idadi ni 3. Ukiongeza 3 yenye kipeo 1, ni 64 mara 27, yaani 1728.

Hapo ndipo nilipoelewa kisa hiki. Fomula zake 41 zilikuwa sahihi zote. Hakuna hata moja iliyoandikwa pamoja na sharti lake. Nadharia ya namba katika mashindano hudondosha watu kwenye masharti: p iwe tasa, a isigawanyike kwa p, moduli mbili zisishiriki kigawo, namba isiwe hasi, zao lisifurike. Mtu aliyekariri kanuni bila sharti ana kisu kisicho na mpini.

Ni haki niseme pia kosa langu. Kabla ya siku ile nilikuwa nimempa mpango wa wiki nane nilioupanga kwa utaratibu wa vitabu vya hisabati: ugawanyikaji, namba tasa, funksheni ya Euler, funksheni ya Möbius (inayoipa kila namba 1, -1 au 0 kufuatana na vigawo tasa vyake), kisha mlingano wa mabaki. Kwa mtu anayesoma hisabati kwa ajili yake yenyewe mpangilio huo ni mzuri. Kwake ulimfikisha kwa Möbius wiki ya tatu, kabla hajapata swali hata moja lililomlazimu kuitafuta. Akaikariri. Ikawa fomula ya 38.

Tukaanza upya, kwa kanuni moja: hakuna chombo kinachoingia daftarini mpaka kwanza swali limekidai, na kikishaingia kinaandikwa katika safu tatu. Ya kwanza, kinadai nini ili kifanye kazi. Ya pili, kinatoa nini. Ya tatu, mfano mdogo kuliko yote unaokivunja sharti likikosekana. Safu ya tatu ndiyo kazi. Mtu hawezi kuijaza kwa kunakili.

Hatua ya kwanza ilikuwa baki lenyewe, na nilidhani ingechukua siku mbili. Ilichukua wiki. Katika C++ baki la -7 kwa 3 ni -1, katika Python ni 2, na yeye aliandika kwa lugha zote mbili bila kujua kwamba misimbo yake inatofautiana hapo. Kisha likaja suala la kufurika. Namba mbili zilizo chini ya 10^9+7 zikizidishwa hutoa kitu cha karibu 10^18, na biti 64 zenye alama hubeba hadi 9.2·10^18, kwa hiyo kuna nafasi ya kutosha. Moduli ikiwa 10^12 nafasi hiyo haipo, na msimbo uleule ulioshinda maswali mia unaanza kutoa takataka kimya kimya. Safu ya tatu ikajaa haraka.

Hatua ya pili, njia ya Euclid ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika cha namba mbili. Hapa nilimtaka afanye kwa mkono kabla ya kugusa kompyuta: tafuta kinyume cha 17 kwa moduli 43. Unashuka: 43 ni 17 mara 2 na baki 9, 17 ni 9 na baki 8, 9 ni 8 na baki 1. Unapanda kurudi: 1 ni sawa na 43 mara 2, toa 17 mara 5. Kwa hiyo kinyume ni -5, yaani 38. Zoezi hilo dogo lilimpa mambo mawili kwa mpigo. Aliona namba hasi ikijitokeza yenyewe, ile aliyokutana nayo wiki iliyotangulia. Na aliona kwamba njia hii haidai moduli iwe tasa, inadai tu kigawo kikubwa cha shirika kiwe 1. Mpaka siku hiyo alikuwa akitafuta kila kinyume kwa Fermat, hata kwa moduli isiyo tasa. Kuhusu kasi hakuna cha kuogopa: mwanahisabati Lamé alionyesha mwaka 1844 kwamba hatua hazizidi mara 5 ya idadi ya tarakimu za namba iliyo ndogo, hivyo kwa tarakimu 18 ni hatua 90 kwa wingi.

Chekeche la Eratosthenes, njia ya kupata namba tasa kwa kufuta vigawe vya kila namba tasa (yaani namba hiyo mara 2, mara 3 na kuendelea), alilijua tayari, tukapita upesi. Niliongeza mambo mawili tu. Badala ya kuweka alama ya tasa au si tasa, hifadhi kigawo tasa kidogo kuliko vyote cha kila namba, na hapo kuchanganua namba yoyote hadi 10^6 ni kugawanya mara zisizozidi 19. Na ukizunguka vigawe vyote vya kila namba kuanzia 1 hadi 10^6, hatua zote kwa jumla ni kama milioni 14, si trilioni. Habari hii ya pili watu huisikia na kuisahau, kumbe ndiyo inayofungua nusu ya maswali ya vigawo. Nikamwachia pia takwimu mbili za kupimia kama wazo lake litaingia katika muda: chini ya 10^6 kuna namba tasa 78,498, na hakuna namba hadi hapo yenye vigawo zaidi ya 240, idadi inayofikiwa kwanza na 720720.

Jambo lililobadilisha kasi yake, hata hivyo, halikuwa chombo kipya cha hesabu. Lilikuwa namna ya kupima.

Moduli ya 10^9+7 huficha makosa. Ni kubwa mno kwamba mifano midogo haiizunguki hata mara moja, kwa hiyo msimbo wenye kasoro hupita mifano yote ya nyumbani na kuangukia kwenye mashindano. Nikamwambia aandike moduli kama kigezo kinachobadilika, aiweke 7, kisha alinganishe majibu na programu ya kijinga inayozidisha vigawo kimoja kimoja, kwa kila N kuanzia 1 hadi 10,000. Swali lilelile la mwanzo, msimbo wake uliokwisha kusahihishwa na kukubaliwa. Akatarajia kimya.

Ukaanguka kwenye 29. Jumla ya vigawo vya 29 ni 30, na baki lake kwa 7 ni 2. Programu ilisema 0. Fomula ya jumla ya vigawo hugawanya kwa p-1 kwa kila kigawo tasa p, na 29 toa 1 ni 28, inayogawanyika kwa 7. Kinyume cha 0 hakipo, ila msimbo wa Fermat ukipewa 0 hurudisha 0 bila kulalamika. Ukaanguka tena kwenye 343: zao la vigawo vyake ni 7 kwa kipeo cha 6, baki lake ni 0, lakini kipeo 6 kilipopunguzwa kwa 6 kikawa 0, na 7 kwa kipeo cha 0 ikatoa 1.

Akaniuliza kama basi msimbo uliokubaliwa ulikuwa na kosa. Nikamrudishia swali. Baada ya muda akajibu vizuri kuliko nilivyotarajia: kwa moduli 10^9+7 msimbo ni sahihi, kwa sababu swali limeahidi kwamba hakuna namba tasa inayozidi 10^6, basi p wala p-1 haiwezi kugawanyika kwa moduli. Ahadi ya swali ndiyo inayolinda sharti. Tangu siku hiyo alianza kusoma mipaka iliyo chini ya swali kabla ya kusoma swali lenyewe, na ninaamini hiyo ndiyo tabia iliyomsogeza mbali kuliko theoremu yoyote.

Kuhusu mlingano wa mabaki ya moduli nyingi sina mengi. Aliandika safu ya tatu mwenyewe: x ibaki 1 kwa 4 na ibaki 2 kwa 6, haiwezekani, maana moja inataka witiri na nyingine shufwa. Lakini ibaki 1 kwa 4 na 3 kwa 6 inawezekana, ni 9 na kila namba iliyo mbele yake kwa hatua za 12. Hivyo moduli zinazoshiriki kigawo hazizuii jibu siku zote, zinadai tu mabaki yapatane. Alitumia siku tatu hapo, inatosha.

Möbius ilirudi wiki ya tisa, safari hii kwa mlango wa swali. Una namba 100,000, kila moja isiyozidi 10^6, uhesabu jozi zisizoshiriki kigawo chochote zaidi ya 1. Jozi zote ni karibu bilioni 5, kwa hiyo kuzipima moja moja hakuna. Sikumtajia jina la chombo chochote. Alianza kwa kuhesabu, kwa kila d, ni namba ngapi katika orodha zinagawanyika kwa d, akitumia zile hatua milioni 14. Kutoka hapo ana idadi ya jozi ambazo zote mbili zinagawanyika kwa d. Akagundua kwamba hizo si jozi zenye kigawo kikubwa cha shirika d hasa, zimo pia za 2d, 3d na kuendelea. Basi akaanza juu, kwenye 10^6, akishuka, na kwa kila d akitoa majibu ya vigawe vyake yaliyokwisha kupatikana. Alipofika kwenye 1 alikuwa na jibu.

Hapo nikamwomba aandike, bila kompyuta, kila d kati ya 1 na 30 inaingia katika jibu la mwisho kwa kuongezwa, kutolewa au kutoingia kabisa. Alijaza ukurasa mzima. 1 inaongezwa, 2 inatolewa, 3 inatolewa, 4 haiingii, 6 inaongezwa, 12 haiingii, 30 inatolewa. Akautazama, akafungua daftari la zamani kwenye fomula ya 38, akazilinganisha mstari kwa mstari. Zilikuwa zilezile. Hakuhitaji kuikariri tena.

Wiki ya kumi na moja tulikuwa tunaelekea kuchanganua namba za tarakimu 18, ambako chekeche halifiki. Nilipanga kuanza na kipimo cha utasa cha Fermat, kinachoikubali namba kuwa tasa ikitii theoremu ile ndogo, ili baadaye nimwonyeshe kinapovunjika na kwa nini kipimo kikali zaidi cha Miller na Rabin kinahitajika. Alifika na ukurasa umekwisha kuandikwa. Safu ya kwanza na ya pili alikuwa ameziacha tupu. Katika ya tatu palikuwa na namba moja, 561, na chini yake 3 mara 11 mara 17. Alikuwa ameandika kitanzi kinachotafuta namba isiyo tasa inayoudanganya msimbo wake kwa kila msingi usioshiriki kigawo nayo, na hiyo ndiyo iliyotoka kwanza. "Sharti lake sijalijua bado," aliniambia, "lakini nimeshajua linakosekana wapi."

Tukaanzia hapo.